Vitambaa vya Kompyuta Mpya

Bosi aliniita ofisini kwake, yaani upande wake wa ukuta wa plywood, akaniambia nikatafute kompyuta.

"Hizi za zamani zimekwisha," alisema. "Chukua mbili za maana, ama tatu za kusukuma siku. Pesa ni ile ile." Kisha akaongeza, macho yakiwa kwenye simu, "Tukichukua mbili, watu wawili wanatosha. Tutaona."

Sisi wafanyakazi tulikuwa watatu.

Ofisi yetu iko Runyenjes, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbolea na dawa za mifugo. Kazi yetu ni kupima mashamba. Baba akizeeka, au akifa kabla ya kuzeeka, wanawe hupanda ngazi zetu kuomba shamba ligawanywe, na wakishuka huwa hawasalimiani. Bosi ndiye mpima ardhi mwenye leseni, na watu humwita Sorovea hata kanisani. Mimi huchora ramani kwenye kompyuta. Mwenzangu, mwanamume mwenye mvi kidevuni, hushinda mashambani na chombo cha kupimia, na akirudi na matope mpaka magotini anaingiza vipimo kwenye mashine yake. Wa tatu alikuwa mama tuliyemwita Anti. Alitupita sote kwa umri, bosi akiwemo. Alipokea wateja, akachapa barua, akajaza fomu, akatuliza ndugu waliotaka kupigana kabla hata ya kuketi.

Haikuhitaji mtu kuuliza ni nani angebaki bila mashine. Ramani lazima ichorwe na vipimo lazima viingizwe. Barua, bosi alikuwa ameanza kusema, mtu yeyote anaweza kuchapa. Mume wa Anti alikuwa amepooza upande mmoja, na kahawa yao ilikuwa miti michache nyuma ya jiko. Mshahara wake ndio uliokuwa ukiwalisha wote wawili.

Ningependa kuandika kwamba moyo ulinidunda nilipoambiwa vile. Haukudunda. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, mume wangu atakuambia, lakini siku hiyo zilikuwa zimekwenda zake. Nilisema sawa, nikarudi mezani, nikaendelea na mpaka niliokuwa nikiuchora, wa shamba la chai lililokuwa likikatwa vipande vyembamba hata ng'ombe asingegeuka ndani yake. Nilikuwa nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi mno. Mtu akigawiwa sehemu isiyotosha, mimi huangalia tu kama mistari imekutana.

Kompyuta zenyewe zilikuwa zimechoka kweli, sitazisingizia. Zilikuwa masanduku makubwa meusi, zikinguruma kama posho mill ya kusaga mahindi, na mtandao wa serikali ambao sasa tunapelekea maombi ya ardhi ulikuwa umeanza kuzikataa. Unabonyeza, unaenda kuchemsha chai, unarudi, bado kile kiduara kinazunguka.

Ukuta wa plywood hauzuii kitu. Nilipotoka kwa bosi, Anti alikuwa akimimina chai, na mkono wake ulikuwa umetulia kabisa. Aliniwekea kikombe.

"Ukienda huko kwa maduka," alisema, "uangalie keyboard isiwe ngumu. Vidole vyangu siku hizi havitaki vita."

"Nitaangalia, Anti."

"Na mimi nitazishonea nguo."

Hapo lazima nieleze. Huku kwetu kila kitu cha maana nyumbani huvaa kitambaa cha kufuma. Kochi lina chake, redio ina chake, televisheni inafunikwa usiku kama mtoto. Anti alikuwa ameivalisha ofisi nzima hivyo hivyo, vitambaa vyeupe vyenye pindo la buluu, mpaka printa. Halafu alikuwa na maombi yake. Hakuna kifaa kilichowashwa katika ofisi ile kabla Anti hajakiombea. Hata birika la umeme liliombewa, tukisimama tumeinamisha vichwa mbele ya birika, na niseme ukweli, mpaka leo linachemsha. Bosi mwenyewe hakuthubutu kuchomeka waya kabla ya Amina.

Basi mchana ule ule, wateja walipopungua, Anti alitoa utepe wa kupimia ndani ya mkoba wake akapima zile kompyuta za zamani, urefu, upana, kimo. Jioni uzi mweupe ulikuwa tayari mapajani mwake. Alianza vitambaa vitatu. Niliviona ni vitatu, nikarudi kwenye ramani yangu. Mwenzetu wa mashambani naye aliona, akatoka nje kupangusa viatu ambavyo alikuwa ameshavipangusa.

Nilianza na Embu mjini. Dukani nilimkuta mwanamke aliyejua kazi yake na aliyejua kwamba anaijua. Alinionyesha mashine zilizotumika Uingereza, zimesafishwa, zimebandikwa karatasi mpya, zimepangwa kama viatu vya mitumba siku ya soko.

"Madam, kama ni mambo ya kuchora maps, chukua hii kubwa," aliniambia. "Hizo zingine zitahang kila saa mpaka uzichukie."

"Na ya kuandika barua tu?"

"Barua?" Alicheka, si kwa ubaya. "Barua siku hizi hata simu inaandika."

Nilimwambia nitarudi. Nilikuwa nimepiga hesabu kichwani. Kubwa mbili zilitosha pesa ile. Ndogo tatu nazo zilitosha, lakini ramani zangu zisingefunguka kwenye yoyote. Nilisimama nje ya duka nikila muhindi choma, nikatambua kwamba sikuwa na uchungu wala wasiwasi. Nilikuwa kama mtu aliyetumwa kununua misumari. Jambo hilo liliniudhi kidogo, na hata maudhi yenyewe hayakudumu kuliko muhindi.

Wiki iliyofuata nilikuwa na harusi Meru, upande wa mume wangu. Baada ya wali na kabla ya hotuba za wajomba niliponyoka, nikaingia duka moja la kompyuta karibu na soko. Mwenye duka alikuwa mzee wa koti, na kila mashine aliyonionyesha aliijaribu kwa kuifungulia wimbo wa injili wa Kimeru, sauti mpaka mwisho. Wimbo usipokwamakwama, mashine ni nzima. Niliusikia wimbo ule mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Nilimweleza shida yangu, na nani hufanya kazi gani. Mbili kubwa au tatu ndogo.

Alinitazama juu ya miwani. "Kwani ni lazima zifanane?"

"Vipi?"

"Si mapacha hizo, mama. Mwenye ramani mpe kubwa moja. Hao wengine wape hizi ndogo, huyo wa kuingiza namba na huyo wa barua. Pesa itatosha, hizi ndogo kwangu ni nafuu."

Nilisimama pale kama mjinga. Muda wote huo nilikuwa nimebeba maneno ya bosi kama yalivyotoka kinywani mwake, kwamba ni zote nzuri au zote duni, na mimi ndiye ninayeshinda nikiwaambia watu kwamba shamba si lazima ligawanywe sawasawa, kwamba mwenye nyumba ya kujenga na mwenye chai ya kulima hawahitaji kipande kimoja. Nilizijaribu ndogo zote mbili. Zilikuwa visanduku vidogo, havizidi Biblia ya madhabahuni. Nilibonyeza keyboard ya kila moja, nikachagua laini zaidi, nikaiweka kando.

Nilimpigia bosi simu nikiwa pale pale.

"Tatu?" aliuliza. "Kwa pesa ile ile?"

"Kwa pesa ile ile."

"Na ramani itafunguka?"

"Itafunguka."

"Haya. Lete."

Nilifurahi. Ninalisema wazi kwa sababu ndilo jambo pekee nililolihisi katika habari hii yote kwa wakati wake. Nilirudi harusini nikala keki, nikacheza na shangazi za mume wangu mpaka viatu vikanishinda. Nilimtumia Anti ujumbe: zinakuja tatu. Alijibu kwa Kiembu kwamba Mungu hasinzii, akaweka na picha ya maua.

Zilifika Runyenjes siku ya Jumatatu asubuhi, kwenye maboksi. Mwenzetu alizipandisha ngazi moja moja. Anti alikuwa amevaa sweta yake ya kwenda kanisani. Tulizipanga mezani, kubwa kwangu, ndogo kwa mwenzetu, ndogo kwa Anti, na Anti akatoa vitambaa vyake vitatu kwenye mfuko, vimepigwa pasi. Alikifungua cha kwanza akakiteremsha juu ya mashine yangu. Kilimeza mashine yote kikabaki kikilala mezani pande zote. Cha mwenzetu kikawa kibaya zaidi. Kile kisanduku kilipotea ndani kama mtoto aliyevaa koti la babake.

"Nilipima zile za kitambo," Anti alisema. "Sikujua zimekonda hivi."

Tulicheka, sote watatu, na bosi akatoka upande wake kuona kuna nini. Naye akacheka. Kisha akasema tuombe, ana safari ya Embu.

Anti aliomba. Aliomba kwa Kiswahili kwanza, halafu akahamia Kiembu alipofika mahali pa kutoa shukrani, kama alivyozoea. Alimshukuru Mungu kwa bosi na leseni yake. Alimshukuru kwa macho ya aliyechagua. Aliombea umeme usikatike, na vumbi lisiingie, na mikono itakayofanya kazi kwenye mashine hizi isitetemeke. Mimi sifungi macho watu wakiomba, tangu utotoni, kwa hiyo nilimwona. Kiganja chake kilikuwa juu ya ile ndogo yake, juu ya kitambaa.

Tukasema Amina.

Bosi alitafuta funguo za gari mfukoni. "Hii ya mwisho msiichomeke," alisema. "Muipeleke kwa gari. Kijana wangu anaingia chuo, wanataka kila mtu na computer yake." Alikuwa akionyesha meza ya Anti. Halafu, kama mtu aliyesahau kitu kidogo, "Anti, wewe utamalizia mwezi hapo kwa simu na wageni. Baadaye tutaona."

Kwetu mtu akisema tutaona, kila aliyepo huwa ameshaona.

Nimejiuliza baadaye kwa nini mimi, mwenye mdomo nilio nao, nilisimama kimya, na jibu ni kwamba ndani hamkuwa na kitu cha kutoa. Nilitazama ile keyboard laini. Mwenzetu alianza kurudisha kile kisanduku kwenye boksi, polepole sana, akitumaini labda kwamba mtu atasema ilikuwa mzaha. Anti ndiye aliyemsaidia. Alikunja waya vizuri akaufunga kwa uzi wake mweupe. Alikipangusa kisanduku chenyewe kwa ncha ya sweta. Kisha akafunika boksi kwa kile kitambaa cha tatu, akakiingiza pembeni.

"Barabara iko na vumbi," alimwambia bosi. "Mwambie kijana asikitoe mpaka afike."

"Asante, Anti," bosi akasema, na nadhani alishukuru kweli. Akashuka, mwenzetu nyuma yake na boksi, na tukasikia mlango wa gari.

Niliwasha mashine yangu. Iliamka upesi kuliko kompyuta yoyote niliyowahi kutumia. Ramani ilifunguka mara moja, mistari yote mahali pake, na kazi ya siku ilikuwa shamba la kahawa, baba mmoja na wana wengi. Nikaanza.

Anti aliketi mezani pake. Palikuwa na simu ya mezani, kalamu, na alama ya mraba ya vumbi mahali kompyuta yake ya zamani ilipokaa kwa miaka. Aliipangusa kwa kiganja. Wateja walikuwa bado hawajaanza kupanda ngazi. Kisha akainuka, akakichukua kitambaa cha mwenzetu, akarudi kuketi na sindano yake, akaanza kukifumua kutoka kwenye pindo. Uzi wa buluu ulijirundika mapajani pake. Alikuwa akikipunguza.

Alipomaliza hicho alikuja kwangu na utepe wa kupimia.

"Inua mkono kidogo," alisema. "Nipime yako."

Nilitaka kumwambia aache. Nilitaka kumwambia aende nyumbani kwa mumewe, aviache vitambaa vyetu vibaki vikubwa, vituaibishe mbele ya kila mtu anayeingia. Ilikuwa aibu, na ilikuwa imechelewa. Lakini alikuwa amesimama na utepe mkononi akingoja, mkubwa wangu kwa umri, na nywele zake zilinukia mafuta aliyopaka kwa ajili ya maombi ya asubuhi.

Niliinua mkono, akapima.