Mkwe Asiyepiga Magoti

Siku yangu ya kwanza kazini, zahanati ya Nkololo, nilimchukia mgonjwa. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia vijijini. Benchi lilikuwa tupu, yeye kasimama. Mama mkwe wake alipoingia, hakupiga magoti kumwamkia. Kwetu Usukumani hilo ni tusi.

"Mpimeni," mama mkwe akasema. "Kama haumwi, basi ni kiburi, arudi kwao."

Mganga Mfawidhi, mkuu wa zahanati, alinivuta kando. "Nesi, umemtazama uso tu. Joto lote hili amejifunga khanga tatu. Mwulize akikohoa inakuwaje."

Nilimwuliza faraghani, akalia. Tangu uzazi wa nne, akikohoa, akicheka, akichuchumaa au akipiga magoti, mkojo ulimtoka; hata kuketi aliogopa asije akalowesha benchi. Nilijionea aibu.

Mfawidhi akanifunza kutofautisha. Mkojo ukivuja muda wote, huenda ni fistula, yaani tundu linaloachwa na uzazi mgumu; huyo hupelekwa hospitali. Ukitoka kwa kukohoa au kuinama, ni misuli ya nyonga iliyolegea. Hiyo hukazwa kama mtu anayezuia mkojo, inalegezwa, inakazwa tena, kila siku kwa miezi. Ukiacha, tatizo hurudi.

"Nitakumbukaje, na msimu wa kuchuma umeanza?" mgonjwa akauliza nilipomweleza. Kisha akajijibu mwenyewe: "Nikichomoa pamba, nakaza. Nikiitia kirobani, nalegeza."

Chuo kizima hakikunifundisha jambo zuri kama lile. Nilimwambia mama mkwe kwamba mkwewe anaumwa kweli, ampe muda hadi pamba iishe. Alikubali shingo upande.

Pamba ilipoisha walikuja wote wawili. Mama mkwe akaketi. Yule binti akashuka taratibu hadi magoti yakagusa sakafu.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia mama mkwe kwa Kisukuma.

Akainuka, khanga moja tu, kavu. Mama mkwe akanisogelea sikioni.

"Nesi, nifundishe na mimi. Miaka mingi sasa. Mimi naamkiwa tu, sipigi magoti, nani angejua?"

Nilihamishiwa Migato, kisha Bukundi, na kila kituo nilianza kwa kumtazama aliyesimama penye benchi tupu. Nilikuja kumtazama vilevile anayeketi na kuamkiwa. Bado nastaajabu jinsi wanawake wanavyobeba jambo hili kimya, na jinsi dawa ilivyokuwa mikononi mwa mchuma pamba.

Sasa nimestaafu, wajukuu zangu. Mkija kuniamkia mkaona nimechelewa kuitikia, msidhani ni uzee. Nakaza.