Vitabu vya Mke wa Karani

Mke wa karani aliingia Amu na sanduku la bati lililojaa riwaya, na kabla hajajua kisima cha mtaa kiko wapi alikuwa ameshatujulisha kwamba sisi hatusomi. Mumewe aliletwa kutoka Mombasa kufanya kazi katika ofisi moja ya serikali, mtu mpole wa miwani ambaye sikumbuki kumsikia akisema neno zaidi ya salamu. Maneno yote ya nyumba ile alikuwa nayo mkewe. Nilipokwenda kumkaribisha, kama ipasavyo jirani mgeni, nilimchukulia sahani ya visheti. Aliipokea, akaiweka chini bila kuitazama, akaniuliza, "Bi, wewe mwandishi wako ni nani?"

Nilikuwa sijapata kuulizwa hivyo. Watu wa kwetu waliulizana shehe wako nani, au nguo zako hushonwa na nani. Lakini jibu nilikuwa nalo. Marehemu baba yangu alikuwa mkalimani, na ndiye aliyenifunza herufi za Kizungu, kisha Kiingereza chenyewe, kwa vitabu vichache alivyoachiwa na wakubwa wake walipohama. Nilivisoma mpaka vikaachana na nyuzi zake. Nikamtajia Mwingereza mmoja niliyempenda, aliyeandika habari za mauaji na upelelezi.

"Aa," akasema. "Huyo husomwa na wanaume wakingoja meli."

Wake yeye alikuwa bibi mmoja wa Ulaya aliyeandika juu ya madaktari na wauguzi. Bibi huyo aliandika vitabu vingi, na vyote vilikuwa kimoja: muuguzi maskini, daktari mwenye hasira, ugonjwa wa kuambukiza katikati, harusi. Mke wa karani alinikopesha viwili, na nilipovirudisha nikamwambia sioni tofauti baina yao. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama aliyesema pilau na wali ni mamoja.

Hata hivyo nilirudi kwake, tena na tena. Amu ya miaka ile ya hamsini ilikuwa na Msahafu kila nyumba, na tenzi zilizonakiliwa kwa mkono, na bibi wazee waliozijua kwa moyo kutoka bismillahi hadi tamati. Riwaya ndiyo iliyokuwa adimu, na mimi nilikuwa na ndaa nayo. Mwenye njaa hachagui mpishi.

Tukawa tunakutana ukumbini mwake baada ya sala ya alasiri, wanawake wanne. Wa pili baada yake alikuwa mke wa mwalimu wa skuli. Huyu mwandishi wake alikuwa Mmisri, na hakuwa amemsoma. Mumewe ndiye aliyemsoma, akamsimulia wakati wa chakula. "Mwalimu asema mwandishi huyu ana kina," hutuambia. Ukimuuliza hadithi yenyewe yahusu nini, hufikiri kidogo akajibu, "Kina." Siku moja nilimwomba atuletee kitabu chenyewe tukione. Akasema Mwalimu hapendi kitoke nyumbani. Nadhani hata mezani hakikutoka.

Wa tatu nilikuwa mimi. Wa nne alikuwa binti ami yangu wa Siyu, aliyekuja kukaa nasi baada ya talaka yake. Alisoma herufi za Kiarabu upesi kuliko sisi sote, lakini za Kizungu hakuzijua, na kwa hivyo mke wa karani alimhesabu pamoja na mito na mikeka. Alikuwa akiketi karibu na mlango na kofia yake ya kushona, akizungushia uzi vitobo vidogo kimoja kimoja, akasikiliza. Siku moja mwenye nyumba alimgeukia akicheka. "Na wewe, bibi wa Siyu, mwandishi wako nani?"

"Mwandishi simuyui," akasema binti ami. "Namuyua anisomeaye."

Mke wa mwalimu aliangua kicheko. Mimi sikuona cha kuchekwa.

Kukopeshana kwetu kulikuwa na sheria, na sheria ilikuwa mke wa karani. Hukupewa kitabu mpaka ulete kitabu, au angalau ukisifu chake kwa maneno aliyoyapenda. Ulipokirudisha alikuuliza kama anayekusahihishia mtihani: nani alikupendeza, wapi ulilia. Ukimwambia hukulia, alinuna. Na alipokasirika alikuwa na adhabu yake, ambayo mpaka leo sijaona mtu mwingine akiitumia. Alikuambia mwisho wa kitabu ulichokuwa katikati yake.

Alimfanyia hivyo mke wa mwalimu, ambaye wakati ule alikuwa akisomewa na mumewe kitabu alichokopa pale pale, hadithi ya baharia mmoja na nduguye. Kosa lake lilikuwa kusifu halua iliyopikwa nyumba nyingine. "Yule nduguye hufa majini," mke wa karani akamwambia, akimmiminia kahawa. Nami alinipa adhabu hiyo nilipochelewa kurudisha kitabu cha mwanamke aliyerithi jumba: jumba huungua naye ndani. Nilikwenda nyumbani nikakifunika. Niliona ni ushenzi, na niliendelea kwenda.

Kisha akanikopesha kitabu cha mshoni.

Kilikuwa kinene, hakina jalada, kimevunjika mgongo katikati. Alinipa nusu ya kwanza, akasema ya pili nitaipata nikimaliza. Kilikuwa habari ya msichana wa Kiingereza aliyeshona nguo katika nyumba ya tajiri. Bibi wa nyumba akafa ghafula, watu wakasema ametiliwa sumu, na kidole kikaelekezwa kwa mshoni kwa kuwa ndiye aliyempelekea chai. Si kitabu kikubwa; mwandishi wake alipenda sana kueleza mvua. Lakini yule msichana alikuwa hai. Alijibu maswali ya askari huku akiendelea kupinda upindo wa nguo, na kwa hilo peke yake nilimsamehe mwandishi mvua yake yote.

Nilimsomea binti ami kila alasiri tusipokwenda kwa mke wa karani, Kiingereza kikiingia machoni na Kiswahili kikitoka kinywani. Alisikiliza huku sindano ikienda. Mara moja moja alinisimamisha. "Ngoya. Hiyo chai aliipika yeye, au alipewa aichukue?" Nikarudi nyuma kutafuta. Asubuhi, kabla hajaniamkia, aliniuliza, "Mshoni wetu yeo yuwaje?" Nikamjibu yuko gerezani bado. Akatikisa kichwa kama aliyepata habari ya jamaa yake. Hata mke wa karani nilimhadithia hilo. Sikumuuliza kwa nini alimpenda kiasi kile. Mwanamke aliyetolewa katika nyumba ya watu kwa maneno ya watu ana haki ya kuchagua rafiki zake.

Tulikuwa tumefika mahakamani, na nusu yetu inakaribia kwisha, siku iliyotokea lile jambo. Mke wa karani alikuwa ametusomea sura nzima ya mmoja wa wauguzi wake. Muuguzi alikaa dirishani akimngoja daktari. Ilinyesha, ikaanua, naye bado anangoja. Mke wa karani akafunga kitabu, akajipangusa macho kwa ncha ya leso, akatuuliza tumeonaje.

"Kina," akasema mke wa mwalimu.

Mimi nilinyamaza, maana nilikuwa na nusu ya pili ya kupewa. Ndipo sauti ikatoka mlangoni. "Hunu mwanamke hana kazi?" binti ami akauliza. Hakuwa na ubaya. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. "Si muuguzi? Wagonjwa wauguzwa na nani, naye yuko dirishani?"

Mimi nilicheka. Nilicheka vizuri, kicheko kilichokuwa kikingoja tangu siku ya visheti. Mke wa karani hakunitazama mimi. Alimtazama binti ami, akasema polepole, "Mshoni wako hunyongwa. Wamtia kitanzi asubuhi, na kaburi lenyewe hapewi. Na sumu aliitia yeye."

Binti ami aliiweka kofia mapajani. Akachomeka sindano mahali pake, akavaa buibui lake, akatoka. Nilimfuata, na nilipofika nyumbani nilimkuta ameketi ngazini, machozi yamtoka kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Nilitaka kumwambia kwamba ni hadithi tu. Sikuweza, kwa sababu neno hilo ndilo wanalolisema watu wasiosoma.

Kesho yake nilikwenda kuidai nusu ya pili. Mke wa karani alisema amemkopesha mtu. Nikamuuliza nani. Akasema simjui. Katika mji wote wa Amu, wasomao Kiingereza na ambao mimi siwajui ni hao Wazungu wawili watatu wa serikali, na hao hawakuwa wakija kwake kuazima vitabu vilivyovunjika mgongo. Nilitoka bila kuaga, na nikakaa siku nyingi nisikanyage pale.

Kilichonirudisha ni uhamisho. Karani alipewa kituo kingine, bara, na jirani akihama unakwenda, umpende usimpende. Nilimkuta mke wa mwalimu amepiga magoti mbele ya sanduku la bati akipanga vitabu, na mwenye nyumba anakunja mashuka. Nikachukua ncha mbili za shuka moja tukalinyoosha pamoja.

"Nipe kile kipande cha pili nikisome kabla hujaondoka," nikamwambia. "Mwisho wenyewe ushatuambia."

Akaendelea kukunja. Mke wa mwalimu, ambaye katika maisha yake hakuwahi kujua lini anyamaze, akasema kutoka chini, "Kipande gani? Mbona hakimo? Na hiki cha baharia hakina mwisho. Na hiki cha jumba pia." Alikuwa akivigeuza kimoja kimoja. "Shoga, vitabu vyako vimeliwa na nini?"

Mke wa karani aliketi kitandani. Kisha akatueleza. Vile vya wauguzi alivinunua dukani, vizima. Vingine vyote alivinunua Mombasa kwa muuza njugu, aliyekuwa akipata vitabu vikuukuu kwa mafungu ili afungie njugu zake. Muuza njugu huchana kuanzia nyuma. Yeye aliviokoa pale muuza njugu alipokuwa amefikia.

"Na kunyongwa?" nikauliza.

"Mwenye vitabu huulizwa," akasema. "Mlikuwa mkinitazama mimi. Niseme sijui?"

"Ndiyo. Sema hujui."

"Mngerudi?"

Mke wa mwalimu alisema tungerudi, lakini yeye husema lolote. Mimi nilikunja shuka lililobaki.

Watu niliowahadithia wamedhani nilimdharau kwa uongo. Sivyo. Riwaya zote ni uongo, na mwongo mzuri nampa heshima yake. Nilimdharau kwa uvivu. Mwanamke amepewa nafasi ambayo waandishi wenyewe huililia: hadithi za watu, miisho hakuna, wasikilizaji wako mbele yake na masikio wazi. Angeweza kufanya lolote. Akamzamisha mmoja, akamchoma wa pili, akamnyonga wa tatu. Hata mtoto anayecheza na vikaragosi vya udongo hubuni zaidi ya hapo.

Nilikwenda nyumbani nikamkuta binti ami na kofia nyingine mpya. Nikakaa mbele yake.

"Hakunyongwa," nikamwambia.

"Nani asema?"

"Hapana asemaye. Kurasa hazipo. Alibuni."

Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Basi huyui kama yu hai."

"Sijui."

"Mimi nimemlilia," akasema. "Nimemsomea Fatiha, naye wala si Muislamu. Sasa mwaniambia nimfufue." Alikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa juu yangu pia, kwa kuwa nami ni katika watu wa vitabu. Kisha akasema, "Nifunze hizo herufi. Sitaki tena kuambiwa na mtu."

Nikamfunza. Herufi zilimchukua muda mfupi. Kiingereza kilimchukua miaka, na alikisoma kwa ukaidi ule ule aliozungushia vitobo vya kofia. Kwa mke wa mwalimu ukumbi wa riwaya ulihamia, na ukawa mbaya zaidi, maana sasa hata vitabu havikuwepo, palikuwa na Mwalimu tu. Alipata hata kutuambia kwamba Mwalimu asema mshoni aliachiwa huru. Niliacha kwenda.

Mke wa karani alikuwa amemwachia binti ami zawadi alipoondoka, labda kwa haya: vile vya wauguzi, vyote. Nilitaraji vitachanwa kufungia ufuta. Badala yake, alipoweza kusoma peke yake, ndivyo alivyovisoma, na akavipenda. Mwanamke aliyeuliza swali lile la mlangoni, ambalo mhakiki yeyote angelionea fahari, alivipenda vitabu vile mapenzi ya dhati. Alikuja kuolewa Kililana na mkulima mwema, akaenda navyo vyote. Nilipokwenda kumtembelea alinitoa nje kivulini, akanipa kimoja mkononi.

"Soma hiki, dada. Daktari wake ana hasira kuliko wote."

"Na muuguzi yuko dirishani?"

"Yuko," akasema. "Lakini nimefahamu kwa nini."

Nilimuuliza kwa nini. Alinieleza kwa urefu kwamba kungoja nako ni kazi, mbuzi wakipita mbele yetu, na maelezo yake yalikuwa mazuri kuliko kitabu. Kitabu chenyewe nilikisoma siku ile ile. Kilikuwa takataka, na nilimwambia hivyo wakati wa chakula, akaniongezea mchuzi akasema sijui kusoma.