Sifuri ya Naserian

Mimi nafundisha hesabu darasa la saba huku Soitsambu, na haya ninayoyasema bado yananiinamisha kichwa.

Tulishaambiwa shule ikishika mkia tena kwenye mtihani wa taifa, walimu tutaandika barua za kujieleza. Basi matokeo ya mtihani wa majaribio yalipotoka, nikamsimamisha Naserian mbele ya kikao cha wazazi na kuinua karatasi yake juu. Maswali arobaini ya kuchagua jibu, hakupata hata moja.

"Mtazameni anayetuzamisha," nikasema. "Hata mbuzi angebahatisha mawili matatu!"

Wazazi wakacheka. Mimi, mtu wa hesabu, nikacheka kuwazidi.

Naserian hakulia. "Ni kweli, mwalimu," akasema taratibu. "Anayebahatisha hupata machache. Ili ukose yote, lazima uyajue yote."

Kicheko kikakatika. Nilikuwa nimesahihisha mwenyewe, swali kwa swali, nisione.

"Sasa kwa nini, mwanangu?" nikamuuliza.

Akamtazama baba yake, aliyekuwa ameinamia fimbo yake.

"Ameniambia nijizoeze kukosa. Nikifaulu wa taifa nitapelekwa sekondari. Na ng'ombe wa mahari wameshafika bomani."