Prof Lwaboshi na Oili ya Nchi za Barafu

Pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, watu walimwita Prof, na Lucien Lwaboshi hakuwahi kumsahihisha mtu. Jina hilo lilitokana na mwaka mmoja na miezi michache ya kufundisha kemia katika sekondari moja ya Bukavu, Kongo, kabla vita havijamtoa darasani. Mwaka ule aliunyoosha hadi ukamtosha maisha mazima. Ukimuuliza kwa nini maharage hayaivi, alikujibu kwa kemia. Ukimwambia mtoto anaharisha, alikueleza habari za chumvi na molekuli, akakuchorea na mchoro chini kwa kijiti. Ukirudi nyumbani, mtoto bado anaharisha.

Riziki ya nyumba ilitoka kwenye cherehani ya Solange, mke wake. Solange ndiye aliyeshona sare za kwaya, magauni ya harusi, na suti za maafisa wa Capital Hill, mlima wa ofisi za serikali mjini Lilongwe, ambao hawakupenda ijulikane kwamba suti zao zinatoka kambini. Lwaboshi alikuwa na gari. Alipeleka nguo Lilongwe, akarudi na vitambaa, na kazi hiyo aliiita "direction commerciale", yaani ukurugenzi wa biashara. Alikuwa na kadi zilizoandikwa Directeur. Solange hakuwa na kadi. Muda wa kuzigawa angeutoa wapi?

Gari lenyewe lilikuwa kigari cheupe cha Kijapani, kilichokula barabara zaidi ya miaka ishirini kabla ya kumfikia yeye. Kilikwenda kila siku bila kulalamika, isipokuwa asubuhi. Asubuhi, kikiwashwa, kiligonga kama mama anayetwanga sombe, majani ya muhogo, na mtaa mzima ukajua kwamba Directeur anatoka. Fundi wake alikuwa Sindayigaya, Mrundi mwenye maneno machache, ambaye gereji yake ilikuwa turubai moja na shimo moja. Miaka yote alikitilia oili ileile nyeusi anayoichota kwenye pipa, nzito kama asali. "Hii njo chakula yake," alisema kila mara, akafunga bonneti.

Lwaboshi hakuipenda ile oili. Hasa hakupenda kwamba haikuwa na maandishi yoyote. Mtu aliyesoma, atatiaje ndani ya gari lake kitu kisicho na maandishi?

Basi siku moja ya mwezi wa sita, akiwa mtaa wa Area 47 mjini Lilongwe kutafuta vifungo, aliingia duka linalouza vitu vya kutoka nje. Pale juu ya rafu aliyaona makopo mawili ya rangi ya fedha, yamechorwa gari jekundu linalopanda mlima wa barafu. Maandishi yake yalikuwa ya herufi ambazo hakuna mtu dukani aliyeweza kuzisoma, wala mwenye duka mwenyewe.

"Inatoka wapi hii?" aliuliza.

"Mbali," alijibu mwenye duka.

Jibu hilo lilimtosha. Aligeuzageuza kopo, akakuta neno moja dogo analolijua, lile la kuonyesha kwamba oili imetengenezwa maabara na si ya kuchimbwa, na moyo wake wa kemia ukadunda. Tena Dzaleka mwezi wa sita baridi inauma hadi kwenye meno; ikiwa oili hii inaendesha magari juu ya barafu, itashindwa na baridi ya wilaya ya Dowa? Akanunua makopo yote mawili. Vifungo akavisahau.

Sindayigaya alimimina tone moja kwenye kiganja, akalitazama linavyokimbia kama maji.

"Prof, hii ni nyepesi sana. Hii ni ya gari ya kijana. Yako ni muzee."

"Sindayigaya, mambo ya viscosité, uzito wa mafuta, ulisomea wapi?"

"Mi sikusoma. Mi nilichafuka tu."

"Basi mwaga ile tope yako, utie hii."

Fundi alimwaga, akatia. Kopo moja na nusu likaingia. Nusu iliyobaki Lwaboshi aliibeba nyumbani mwenyewe, ameikumbatia kama mtoto mchanga.

Na tuseme kweli: asubuhi ya pili gari liliwaka bila kugonga. Lilinguruma polepole, taratibu, kama gari la balozi. Lwaboshi alilizima, akaliwasha tena, ili ahakikishe. Kisha akaliwasha kwa ajili ya jirani wa kulia, na kwa ajili ya jirani wa kushoto, na kwa ajili ya mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya maji kichwani, ambaye hakuwa na gari wala hakutarajia kuwa nalo.

Juma lile hapakuwa na amani. Nje ya kanisa baada ya ibada, kwenye banda la chai, hata kwenye foleni ya kibali cha kutoka kambini, Prof alifundisha. Alisema Waafrika tunaua magari yetu kwa mikono yetu wenyewe. Alisema mafundi wa pipa ni wauaji. Jina hakulitaja, ila alitazama upande wa lile turubai, na kwa kuwa pale turubai ni moja, kila mtu alielewa. Sindayigaya alisikia, akaendelea kufungua tairi.

Juma la pili Solange aliona doa jeusi ardhini, mahali gari linapolala.

"Papa Cadeau, hii gari inakojoa," alisema, akimwita mume wake kwa jina la mtoto wao.

"Ni maji ya kiyoyozi, Mama Cadeau."

"Kiyoyozi kilikufa mbele tununue gari."

"Basi inatoa jasho. Ni adaptation. Kitu kizuri, mwili unakizoea polepole."

Solange alitia kidole ndani ya lile doa, akakinusa, akakipangusia kwenye shati la mume wake. Halafu akarudi kwenye cherehani, maana alikuwa na magauni sita ya rangi ya zambarau hafifu ya kumaliza. Jumamosi palikuwa na harusi Area 49, na mama wa bibi harusi alikuwa mtu wa kupiga simu mara nne kwa siku.

Ijumaa magauni yakakamilika. Solange aliyatundika mwenyewe kwenye kiti cha nyuma, akayafunika kwa shuka safi, akasema maneno matatu tu: "Moja kwa moja."

Moja kwa moja maana yake ni Dzaleka hadi Area 49, bila kona. Lakini Lwaboshi alikuwa na suti ya afisa mmoja wa Capital Hill, suti ambayo ingeweza kungoja hadi Jumatatu, na alikuwa na gari linalonguruma kama la balozi. Mtu afanye nini? Akakata kona. Alitaka tu, mara moja maishani mwake, kupita katikati ya yale magari ya serikali bila watu kugeuka kutazama kelele zinatoka wapi.

Waligeuka kwa ajili ya moshi.

Kwanza taa nyekundu ya oili iliwaka kwenye dashibodi. Lwaboshi aliigonga kwa kidole, akaiambia ni waya umelegea. Kisha harufu ikaingia. Kisha, akiwa nusu ya mlima, akaona kwenye kioo kwamba nyuma yake hakuna barabara tena: kuna wingu la buluu tu, na ndani ya wingu honi zinapiga. Alisogea pembeni, akafungua bonneti. Oili ilikuwa imevujia juu ya ekzosi ya moto, nayo ikatoa moshi kama nyumba inayoungua.

"Moto! Moto!" alipiga kelele dereva mmoja wa gari la nyuma, na neno hilo kwa Kichewa na kwa Kiswahili ni lilelile, kwa hiyo Lwaboshi hakupata hata nafasi ya kukosa kuelewa. Dereva huyo alikuwa ametembea na kizimamoto chake miaka mingi bila kukitumia, na uso wake uling'aa kwa furaha. Alipuliza kwenye injini. Alipuliza chini ya gari. Madirisha yalikuwa wazi, na kwa kuwa poda ilikuwa bado ipo, akapuliza na mle ndani.

Kulipotulia, gari lilikuwa jeupe ndani na nje, Lwaboshi alikuwa mweupe hadi kope, na magauni sita ya zambarau yalifanana na mikate iliyonyunyiziwa unga. Shuka safi lilikuwa sakafuni.

"Pepani, bambo," alisema yule dereva, akimpa pole kwa adabu.

"Zikomo," alishukuru Lwaboshi, na ndilo neno pekee alilolipata.

Solange, alipopigiwa simu, alifika baada ya saa mbili. Alikung'uta gauni moja, akanusa, akatazama ile suti iliyotundikwa kiti cha mbele, akatazama mlima wa Capital Hill, akaelewa yote.

"Area 49 inapitia hapa tangu lini?"

Lwaboshi alianza: "Mama Cadeau, kikemia, kilichotokea..."

"Nyamaza."

Alisimamisha kabaza mbili, pikipiki za kukodi. Akapanda moja, magauni yakapanda nyingine, yamefungwa ndani ya shuka. Alifua, akaanika, na akapiga pasi usiku kucha nyumbani kwa bibi harusi, huku mama mwenye harusi akimsimamia mlangoni. Jumamosi wasichana sita walitembea kanisani kwa zambarau, na watu wakauliza ni nani aliyeshona. Lwaboshi hakuwepo. Alikuwa anavutwa kwa kamba na lori la makabichi kurudi Dzaleka.

Sindayigaya aliingia chini ya gari, akatoka, akafuta mikono.

"Mafuta ni mazuri, Prof."

"Mazuri? Yameniulia gari! Ni sumu. Ni feki!"

"Ni mazuri sana. Njo shida. Ndani ya injini yako mulikuwa tope ya miaka. Sili, zile mpira za kuzuia mafuta, zimekufa zamani. Ile tope njo ilikuwa inaziba. Mafuta yako yameosha. Sasa ni safi, na inavuja."

Lwaboshi alisema hiyo si sayansi. Sindayigaya alisema sawa, akarudi kwenye tairi.

Sasa likaja lile ambalo hata rafiki zake walishindwa kumtetea. Nusu kopo ilikuwa bado nyumbani. Mtu anayeamini kwamba kitu ni sumu hukimwaga chooni. Lwaboshi alikipeleka kanisani kama sadaka. Alimkabidhi Mchungaji Épitace mwenyewe, kwa ajili ya jenereta, akasema ni oili ya nchi za barafu, na akapokea baraka kwa kichwa kilichoinama. Hakumwambia mchungaji kilichotokea mlimani. Labda alifikiri Mungu ana akiba ya jenereta.

Jumapili umeme ulikatika, jenereta likawashwa. Lilikuwa jipya, halijamaliza hata mwaka, na siku zote lilipiga kelele kiasi cha kufunika mahubiri. Siku hiyo lililia taratibu, kama paka aliyeshiba. Kwaya ilisikika hadi sauti ya pili, ambayo ingekuwa afadhali isisikike. Katikati ya matangazo Mchungaji Épitace alishika maikrofoni.

"Ndugu zangu, munasikia hii kimya? Ni Ndugu Lwaboshi. Alituletea mafuta ya bei, ile ya gari yake mwenyewe, akaitoa kwa Bwana. Simama, Prof, bantu bakuone!"

Lwaboshi alisimama. Watu walipiga makofi. Sindayigaya, kwenye benchi la nyuma, alipiga makofi polepole kuliko wote na akawa wa mwisho kuacha. Solange hakupiga. Alimtazama mume wake kutoka safu ya kwaya kwa macho makavu, na Lwaboshi akajua kwamba mtu mmoja ndani ya kanisa lile amekwisha hesabu siku tangu Ijumaa hadi Jumapili.

"Ama uliijua ni nzuri," Solange alimwambia njiani, "ama ulitaka kuunguza kanisa. Chagua moja."

Jumatatu Lwaboshi alikwenda penye turubai bila kadi na bila shati jeupe. "Fundi," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "tunaanzia wapi?"

Walianzia chini. Kwa siku nne Prof alilala mgongoni juu ya katoni, akishika taa, akipokea nati moja moja, na matone ya oili yakimwangukia usoni. Sili zilipobadilishwa, Sindayigaya alichota kwenye pipa bila kuuliza, na Lwaboshi akashika faneli. Kesho yake gari liliwaka. Likatwanga sombe kama zamani, na mama wa ndoo akapita bila kusimamishwa.

Magauni ya Area 49 yalileta harusi nyingine mbili, na safari hizo Solange alikaa kiti cha mbele mwenyewe, mkoba juu ya mapaja, akitazama kila kona.

Mwezi wa saba kijana mmoja wa kabaza alimsimamisha Lwaboshi karibu na soko. "Prof, pikipiki yangu niitie mafuta gani?"

Lwaboshi alifungua mdomo. Akaufunga. "Uliza Sindayigaya," alisema, na akaenda zake, na aliyemwona angeapa kwamba mtu huyu amepona. Alikwenda hatua kama kumi. Kisha akageuka.

"Lakini kwa upande wa breki," alisema, akiokota kijiti cha kuchorea, "ngoja nikuelezee."