Mama Aliyetupokelea Simu

Simu iliingia Jumamosi asubuhi nikiwa naanika nguo. Aliyepiga ni mhandisi mmoja wa maji, Mkongomani wa Bukavu, ambaye wasomaji wa safu hii hamjapata kukutana naye, ila leo mtakutana naye. Hakunisalimu kwa namna yake ya siku zote, ya kuulizia watu wote wa nyumba mpaka paka wa jirani. Aliniuliza niko wapi na kama niko peke yangu, kisha akasema polepole, "Kaa chini kwanza, ndugu yangu." Sikukaa. Kwetu sisi maneno hayo yana maana moja, na ukishayasikia kinachobaki ni kutajiwa jina tu. Nikamwambia ataje. Akataja. Nikabaki nimeshika shati lililolowa, maji yananichuruzikia miguuni, na kitu cha kwanza kilichonijia si machozi bali hasira, maana juzi yake tu mama mwenye nyumba wangu alikuwa ameniambia kwa sauti iliyokauka kwamba anapata nafuu na ameanza kunywa uji hospitalini. Korona ilimpata kazini, kwenye nyumba ya kulelea wazee, wakati sisi wengine tulikuwa tumeshaanza kusema imekwisha.

Marehemu alikuwa Mtanzania wa Tanga. Kwa miaka mingi kule nyumbani alikuwa katibu muhtasi kwenye ofisi ya mkurugenzi serikalini, mtu ambaye waziri akipiga simu anamsalimia yeye kwanza. Hapa Sydney alikuja na mumewe, aliyetangulia mbele ya haki mapema na kumwachia nyumba yenye uwanja Mount Druitt, nami nilikuwa mpangaji wake wa kijumba cha uani. Alipofika aliomba kazi za ofisini, tena nyingi. Kila mahali aliambiwa hana uzoefu wa hapa. Kauli hiyo nimeisikia kwa watu wengi mno, na kila nikiisikia nauliza lile lile. Uzoefu wa hapa mtu ataupata wapi kama hapo penyewe hamumwajiri? Akaishia kulea wazee, shifti za jioni. Kazi ile aliifanya kwa heshima kubwa, ila hakuwahi kunidanganya kwamba anaipenda.

Sasa ninyi mliofika majuzi niwaambie jambo ambalo kwenye semina za wahamiaji hamtaambiwa. Mwajiri wa mji huu hupiga simu mara moja, mchana, kwa namba iliyofichwa. Usipopokea, anakwenda kwa mwingine, wala haachi ujumbe. Na mhamiaji mwenye digrii yake, huo mchana yuko wapi? Yuko bohari anapanga maboksi, simu imefungiwa kabatini kwa amri ya supavaiza. Yaani kazi aliyoishika ili watoto wapate kula ndiyo inayomzuia kuipata kazi aliyoisomea. Mama Katibu, ndivyo tulivyomwita, aliliona hilo mapema kuliko sisi tunaojidai kuandika magazetini. Akawaambia vijana wanunue vitochi, zile simu ndogo za batani. Namba ya kitochi iandikwe kwenye sivii ya kuombea kazi na si pengine popote, na kitochi chenyewe kiletwe kwake. Vikapangwa juu ya meza ya jikoni, kila kimoja kimefungwa kipande cha kitenge cha mwenyewe ili visichanganyike. Cha mhandisi kilikuwa cha samaki, na cha dada mmoja Mrundi, mfamasia, kilikuwa cha manjano. Kuanzia saa tatu asubuhi mama ameketi mezani na blauzi yake ya ofisini, miwani inaning'inia shingoni, na mpaka saa tisa hakuna ruhusa ya kukaanga kitu jikoni mle, kwa sababu mafuta yanasikika kwenye simu.

Akipokea, sauti inahama. Kwa Kiingereza cha kunyooka anasema hii ni simu ya mhandisi fulani, mwenyewe yuko kikaoni, naomba kujua nani anazungumza na anatoka ofisi gani. Siku moja nilimwambia huo ni uongo. Akanitazama juu ya miwani.

"Mwandishi, hao kila asubuhi wanasimamishwa mbele ya maboksi wanahutubiwa. Hicho si kikao? Mimi sijadanganya. Nimepanga maneno."

Ukaja msimu ule wa baridi tulipofungiwa majumbani kwa korona, na sisi watu wa magharibi ya mji tukafungiwa kuliko wa ufukweni, helikopta za polisi zinapita juu ya mapaa yetu. Makampuni yakaacha kuajiri. Vitochi vikakaa kimya wiki baada ya wiki, naye kila jioni anavichaji vile vile. Mhandisi alikuwa hajapata hata simu moja tangu afike nchini. Mkewe alishamwambia aache kujitesa, na yeye mwenyewe alikuwa ameapa kwamba mwaka ukiisha bila jibu, diplome yake ataifungia sandukuni na hataki kusikia tena habari za maji. Akienda shifti alipita dirishani na barakoa yake.

"Mama, kama banapiga, ubaambie niko tu."

"Wakipiga, nitakuleta mwenyewe kwenye simu," mama akamjibu. Alikuwa amempa neno lake, na mimi niliyemjua nilijua halirudi nyuma.

Kitochi cha samaki kililia siku niliyokuwa namtengenezea mama bomba la jikoni. Nilimwona mama amenyooka kitini. Aliyepiga alikuwa bwana mmoja wa kampuni ya mabomba ya maji, anataka maongezi mafupi na mhandisi, sasa hivi, maana mchana huo anafunga orodha ya majina. Mama akasema yuko kikaoni. Bwana yule akasema basi atoke kikaoni, atapiga tena baada ya nusu saa na baada ya hapo hatapiga. Mama akashukuru, akakata simu, akanigeukia nikiwa bado na spana mkononi. "Washa gari," akasema.

Tulikwenda na barakoa zetu, kitochi kimelala mapajani mwake kama yai. Gari la polisi lilitufuata mpaka kwenye reli, likakata kona. Getini kwa bohari mlinzi alitaka kujua kama ni dharura. Mama akasema ni dharura. Mlinzi akauliza kama kuna mtu amefariki. Mama akajibu, "Bado." Mlinzi akamtazama, kisha akaita kwa redio.

Mhandisi akatokea kwenye ule mlango mkubwa na jaketi lake la kung'aa. Kwanza alitembea. Alipotuona tumesimama wawili getini akaanza kukimbia, na katikati ya uwanja akaacha kukimbia, akaja hatua kwa hatua kama mtu asiyetaka tena kufika. Mimi nilikuwa naangalia saa tu, nusu saa ilikuwa inakwisha. Mama alitaka mtu wake atulie, avute pumzi kabla ya kuzungumza na mkubwa, vile alivyokuwa akiwatuliza wageni wenye hofu nje ya mlango wa mkurugenzi. Akamwambia yale yale aliyozoea kuwaambia wageni wale.

"Baba, kaa chini kwanza."

Mhandisi akakaa. Hakutafuta pa kukalia, alikaa pale pale kwenye lami, akashika kichwa. "Ni mama," akasema. "Mama yangu amekufa. Uniambie tu." Mama yake yuko Bukavu, mgonjwa wa muda mrefu, na mipaka ilikuwa imefungwa, hata kwenda kumzika asingeweza. Na hapo hapo kitochi kikalia.

Niliona uso wa Mama Katibu ukibadilika alipotambua alichofanya. Mtu wa kwetu unamwita kazini ghafla, unasimama getini na mwenzako, unamwambia kaa chini; unategemea aelewe nini? "Hajafa mtu," akasema kwa mkupuo mmoja, "mama yako mzima, ni kazi, ni intavyu, pokea." Akambonyezea simu sikioni. Lakini mtu aliyekwisha kumzika mama yake moyoni hatoki huko kwa kuambiwa mara moja. Yule bwana alimuuliza habari za shinikizo la maji, mhandisi akajibu kwa Kifaransa. Akarudi kwenye Kiingereza, kikampotea, akaomba radhi kwa Kiswahili, kisha akalia tu. Mlinzi akaangalia pembeni. Upande wa pili wakakata simu. Mhandisi akakifuta kitochi kwa mkono wa jaketi, akakirudisha. "Aksanti, mama," akasema, akarudi kwenye maboksi yake.

Tulipofika nyumbani mama aliketi mezani kwake bila kuvua barakoa, akapiga simu. Namba ya bwana yule ilikuwa imefichwa, lakini katibu wa kweli hamwachi mtu akate simu bila kumwuliza ofisi yake, kwa hiyo alipiga mapokezi, na aliyepokea alikuwa katibu wa bwana yule. Nilisikia upande mmoja tu, na siku ile hakupanga maneno. Alisema mtu wenu nimemharibia mimi. Alisema kwetu mtu akiambiwa akae chini amefiwa, nami nimemwambia akae chini, kwa hiyo aliyeongea na bosi wako ni mfiwa, mhandisi mwenyewe bosi wako hajazungumza naye. Halafu akauliza, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Dada, bosi wako ana nafasi lini?" Kisha akachukua kalamu. Alhamisi, saa nne asubuhi.

Alhamisi ile mhandisi aliomba ruhusa bila malipo, akaja jikoni na shati la kanisani. Alipovuta kiti mama akamkataza. "Simama. Mkae mkifiwa." Akazungumza kwenye simu amesimama, mkono mmoja ukichora mabomba hewani, na sisi wawili tumebana pumzi karibu na friji. Alipata mkataba wa nusu mwaka huko Penrith. Umeshaongezwa. Na tangu siku ile, mtu yeyote ambaye kitochi chake kimelia, mama alimwambia asimame kabla hajamweleza lolote.

Najua kuna wasomaji watakaosema wageni hawa wanakuja na matarajio makubwa mno, wanadhani vyeti vyao vitasubiriwa na zulia uwanja wa ndege. Wapo, sikatai, hata mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini nimekaa jikoni mle, nimeona mtu mwenye miaka ya kazi nyuma yake akipimwa kwa simu moja, mchana mmoja, na asiyeipokea akihesabiwa hayupo. Na aliyekuwa akiziokoa simu hizo ni mwanamke ambaye ofisi zote za mji huu zilimwona hafai kupokea simu. Hilo linaniuma, na sitaki kulipaka asali kwa kuwa amekufa. Basi kwako wewe uliyekwisha kupata kiti, ambaye leo ndiye unayeshika orodha ya majina: ukimpigia mtu asipokee, piga tena. Akipokea akababaika, mwulize amepokelea wapi. Halitakugharimu kitu.

Jumatatu tulikuwa msibani, nyumba imejaa, makochi yametolewa nje na watu tumeketi chini kwenye mazulia, Wakongomani, Warundi, Wakenya, sote, kwaya inaimba. Vitochi vilikuwa bado mezani jikoni. Hakuna aliyethubutu kuvizima, kwa kuwa wenyewe wengine walikuwa shifti na namba zilikuwa tayari kwenye sivii zao. Mhandisi alikuwa amechukua likizo kazini kwake Penrith, na tangu saa tatu alikuwa ameketi pale mezani kwenye kiti cha marehemu. Katikati ya wimbo kitochi cha manjano kikalia. Nilimsikia akipokea kwa Kiingereza cha kunyooka ambacho hakikuwa chake: hii ni simu ya mfamasia, mwenyewe yuko kikaoni, naomba kujua nani anazungumza na anatoka ofisi gani. Kisha akatokea mlangoni mwa sebule, ameziba kitochi kwa kiganja, akamtafuta yule dada Mrundi kati ya akina mama waliojifunga vitenge. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Dada," akasema, "simama."

Dada akasimama, peke yake kati yetu sote tuliokaa, akakichukua kitochi na kuanza kueleza dawa alizowahi kuzisimamia. Kwaya ikaacha kuimba bila kuombwa, na yule mama aliyekuwa akikaanga maandazi jikoni akazima jiko.