Siku Niliyojifanya Sijui Kiswahili

Naikumbuka siku ile hadi harufu ya dawa ya kupigia deki, mwanangu. Ilikuwa Alhamisi, nje mvua ya rasharasha, nami nimekaa kwenye kiti kile kile cha mapokezi utakachokalia wewe kesho. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, shati limepigwa pasi, najiona mtu. Usicheke.

Wafadhili walikuwa wametukatia fedha. Kituo chetu cha LGBT kilichokuwa wazi siku sita kikabaki na Jumanne na Alhamisi tu. Mshauri akaondoka, chumba cha juu kikapangishwa, na mkalimani wa simu naye basi. Ndipo meneja akapitisha karatasi mezani: kila mmoja aandike lugha anazozijua, ili akija mgeni asiyejua Kiingereza tumsaidie wenyewe. Wenzangu wakaandika Kipolandi, Kiurdu, Kireno. Mimi nikaandika Kiingereza, nikaisogeza kwa mwingine.

Woga, mwanangu, hakuna jina jingine. Wazanzibari wa Landani tunajuana. Mtu akisikia lafudhi yangu tu ataniuliza mtoto wa nani, na kabla ya magharibi habari ishafika kwa mama yangu kule Wete kwamba mwanawe anaonekana na mashoga. Nami shoga kweli, ndiyo, lakini mama hakujua, na nilitaka asijue. Wazee walisema mkana kwao mtumwa; mimi nilijiuza mwenyewe, bila hata kununuliwa.

Basi akaingia mama mmoja wa makamo, buibui limelowa, mkononi kashika kadi ya kituo chetu. Akanitazama usoni, akatabasamu.

"Asalaam alaykum, mwanangu. Alhamdulillahi, nimempata mtu wa kwetu. Sura hii ya Pemba hii."

Akatoa picha. Nilimjua palepale. Alikuwa Suleiman, kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akija kunywa chai kila Jumanne, babake kamfukuza nyumbani. Namba yake ya simu ilikuwa kwenye daftari, hapo hapo mezani kwangu.

"Siulizi anapokaa," akasema. "Mwambie tu babake kasafiri, kenda Pemba, harudi mpaka Jumapili. Mwambie aje ale. Mie sina la kumuuliza."

Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba samahani, sielewi.

Akarudia polepole, neno moja moja. Nikatikisa kichwa. Akaniangalia, mwanangu, na akajua. Wallahi alijua. Akaifuta picha kwa ncha ya mtandio, akasema, "Haya, Mungu akuweke," akatoka. Kunibariki! Afadhali angenitukana.

Mama Furaha, Mkongo aliyekuwa akitufanyia usafi, alikuwa koridoni na deki yake. Mara ngapi alinisikia nikizungumza na mama yangu kwenye simu! Akaja akasimama mbele ya meza.

"Weye unajua Kiswahili kunipita mimi," akasema. "Mimi niko mutu wa kanisa, mambo yenu ingine sielewi. Lakini ule mama amekuya kutafuta mutoto wake, na weye unamufungia masikio. Pigia mutoto simu."

Nikamwambia nitapiga. Ijumaa sikupiga, maana kupiga ni kukiri kwamba nilielewa. Jumamosi nikajiambia kesho. Jumapili nilifua nguo mchana kutwa, hata zilizokuwa safi.

Jumanne Suleiman akaja, akamimina chai yake. Mtoto huyu alizaliwa hapa. Ukimsemesha Kiswahili, anakujibu kwa Kiingereza. Mama Furaha kasimama mlangoni, ananitazama. Nikamweleza yote, neno kwa neno kama mamake alivyosema. Akasikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Leo Jumanne, kaka," akasema, kwa Kiswahili.

Akavaa koti akatoka, na hakurudi tena. Kama alionana na mamake, sijui. Majuto ni mjukuu, na wangu keshakuwa mtu mzima. Kichwa cheupe hiki, na bado nikiliona buibui lililolowa nainamisha macho.

Ile karatasi ya lugha niliichukua Jumanne ileile nikaandika Kiswahili, kwa herufi kubwa. Mama yangu alikuja kujua, ila kutoka kinywani mwangu. Alininunia miezi mitatu, kisha akapiga simu kuuliza nimekula nini.

Nakuambia haya kwa sababu fedha zimekatwa tena, tumebaki na chumba kimoja, na jana karatasi ya lugha ilipokufikia nilikuona kalamu ikisita. Nilijiona mimi. Mwanangu, mficha uchi hazai, lakini sikuambii ujitangaze kwa ukoo mzima. Siri yako ni yako, na wakati wake unaujua wewe. Mtu anaweza kukuuliza wewe mtoto wa nani, nawe ukamjibu, "Shida yako kwanza, mama." Ila usimnyime lugha yake. Aliyefika mpaka mlangoni petu keshaumeza woga wake. Nasi tuumeze wetu japo kwa muda wa kupokea salamu. Na ukipewa ujumbe, ufikishe siku hiyo hiyo.

Mungu akupe moyo usiokimbia sura ya kwenu. Akukinge na haya ninayoishi nayo mimi, na akija mama mwingine na picha yake, akukute.

Haya, shika kalamu.