Mstari wa Matofali

Mshona mapazia alikuwa na namna yake ya kukagua kiwanja. Kwanza alivua viatu, akavishika mkononi, akatembea peku kutoka pembe hadi pembe kama mtu anayetafuta sindano iliyomdondoka. Watoto wa besiboli hawakimbii tu. Wakikaribia kituo hujirusha chini wakateleza kwa paja na tumbo, kwa hiyo chochote kilichomchoma yeye unyayo kingemchana mtoto goti. Baada ya hapo alikaa chini mahali ambapo wazazi wangekaa, aone jua la alasiri linamwingia nani machoni. Mwisho alirusha jiwe kuelekea barabarani, kisha akasimama akifikiria mtoto anayelikimbilia bila kutazama magari.

Viwanja vilivyoshindwa vilikuwa vingi. Cha shule walifukuzwa baada ya dirisha la ofisi kuvunjika. Nyuma ya maghala palikuwa pazuri lakini pana lami, na wiki ya kwanza tu watoto wote walirudi nyumbani bila ngozi magotini. Bondeni nyasi zilikuwa laini kama zulia, ila mvua ikinyesha mto ulihamia hapo na matope yake yote. Watu wa mtaani walishamzoea. Wakimwona amesimama mahali pa wazi na viatu mkononi walimtania: "Mama Mapazia, unanunua au unatazama tu?"

"Napima," alijibu.

"Kwa macho?"

"Kwa miguu. Macho yanapenda kila kitu."

Alihangaika hivyo kwa ajili ya kitinda mimba wake, binti aliyeitwa Shoto kwa sababu kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto. Shoto hakuwahi kudumu na jambo. Aliacha kuimba, akaacha kushona, nusura aache na shule. Lakini mjomba wake alipompa mpira na kumwonyesha namna ya kuurusha kwa mpigaji, mtoto alikaa uani hadi giza likaingia, akilenga ndoo iliyoning'inizwa kwenye kamba ya nguo. Mjomba huyo ndiye aliyeanzisha timu, na watoto wote walimwita Kocha. Alijua mchezo vizuri, ila kutafuta pa kuuchezea hakujua kabisa. Kwake yeye kila uwanda ulikuwa kiwanja. Kazi hiyo akamwachia dada yake.

Timu haikuwa na mwamuzi, na hapo Kocha aliweka sheria ambayo watoto waliishika kuliko sheria za shule. Mpira ukianguka karibu na mstari wa pembeni, anayetamka kama umeingia au umetoka ni mchezaji aliye karibu nao zaidi, awe wa upande wowote. Akishatamka, hakuna kubisha. Shoto aliwahi kutamka "Nje!" na kuwanyima wenzake ushindi. Wenzake walinuna njia nzima, lakini hakuna aliyemlaumu kwa mdomo. Mama yake aliyasikia hayo jikoni na siku nzima alishona akitabasamu.

Kiwanja walichokipata hatimaye kilikuwa nyuma ya tanuri bovu la matofali. Nyayo hazikupata cha kulalamikia. Ukuta wa tanuri ulitoa kivuli mchana kutwa, na upande wa barabara palikuwa na mtaro mpana wa kuuzuia mpira. Mwenyewe alikuwa mzee mfyatua matofali, ambaye alishafariki akaacha wana wawili. Mkubwa alikuwa na bucha hapo hapo jirani, na mtaa mzima ulimwita Bucha. Mdogo alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuonekana kwa nadra. Ardhi ilikuwa haijagawanywa. Ilisemwa mzee aliigawa mwenyewe akiwa hai, akasimika matofali kwenye mpaka, lakini wanawe hawakuwahi kuyaona, na kila Dereva aliporudi safari waligombana upya.

Mshona mapazia alimwomba Bucha peke yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwepo.

"Chezeni tu, dada," alisema Bucha, akifuta kisu kwenye aproni. "Watoto wataimaliza ardhi kwa kuikanyaga?"

Mistari waliichora kwa chokaa. Mvua ikija inafuta, wanachora tena, na kila mara mstari wa kulia uliinama kidogo kuelekea mtaroni. Jambo hilo lilimkera mshona mapazia kama pindo lililoshonwa na mlevi. Siku moja alichukua uzi wake mrefu, akaufunga kwenye kigingi pale anaposimama mpigaji, akauvuta hadi mwisho wa kiwanja. Yeye na Shoto wakachimba mfereji mwembamba kuufuata uzi. Shoto alisomba matofali yaliyoanguka kutoka kwenye tanuri, mama akayasimika moja baada ya jingine, wima, vichwa sawa na udongo ili mguu wa mtu usijikwae, kisha akayapaka chokaa.

Bucha alipita na paja la ng'ombe begani. "Dada, unajenga?"

"Napiga pindo, kaka. Kiwanja chako kilikuwa kinafumuka."

Alicheka sana. "Haya, lisikatike!"

Msimu ule ulikuwa mzuri. Familia zilianza kuja zenyewe bila kubembelezwa. Bibi wa mmoja wa watoto alikuja na kiti chake kutoka nyumbani, akakiweka kivulini, na kuanzia hapo hakuna mchezaji aliyepona. "Wewe!" alimpigia kelele mjukuu wake. "Mpira ukija fumbua macho, huo si mchumba!" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mshona mapazia alikuwa akiwatazama wao kuliko mchezo. Kumbe kiwanja kizuri ni kile ambacho bibi anabeba kiti kukijia.

Kisha mvua ndefu zikanyesha, mchezo ukasimama. Zilipokatika, Kocha alileta habari: timu ya watoto ya mji wa pili imekubali kuja. Kila walipoalikwa zamani waliuliza kiwanja kiko wapi, na jibu likawa aibu. Sasa jibu lilikuwepo. Shoto ndiye angeanza kurusha. Usiku alilala na glavu chini ya mto.

Jumamosi moja kabla ya wageni, wazazi na watoto walikwenda kufyeka. Walikuta mafundi wamechimba msingi. Mifuko ya saruji ilipangwa kando ya mstari wa kulia, na kamba ya mafundi ilivutwa sambamba kabisa na matofali aliyoyasimika mshona mapazia. Mvua ilikuwa imeosha chokaa yote. Nyasi zilikuwa zimeyafunika, kuvu imeyashika, na yalionekana ya miaka mingi, jambo ambalo lilikuwa kweli, maana yalichomwa na mzee mwenyewe. Bucha na mdogo wake walikuwa wamesimama hapo.

Mshona mapazia alielewa kabla hajafika. Ukuta ule ungempa Bucha kiwanja chote na tanuri lake. Dereva angebakiwa na kipande kati ya mstari na mtaro, chembamba upande huu na chembamba zaidi upande ule.

Bucha alimuwahi. "Dada, karibu! Nilikuwa namwambia ndugu yangu hapa. Mpaka wa mzee umepatikana, ugomvi umekwisha. Na ninyi msiwe na wasiwasi, mtaendelea kucheza upande wangu. Kiwanja kizima. Tena mmepata na ukuta wa kuzuia mpira. Au siyo?" Alimtazama machoni bila kupepesa.

Dereva alikuwa amechuchumaa, anafuta udongo kwenye tofali kwa kidole gumba. Alikuwa mwanamume mkubwa mwenye sauti ndogo.

"Shikamoo, dada," alisema, ingawa hawakupishana sana umri.

"Marahaba."

"Ninyi ndio mmekuwa mnapatumia hapa. Nataka kuuliza tu, nipate usingizi. Haya matofali mliyakuta?"

Nyuma ya mshona mapazia walisimama wazazi. Wengi wao hawakujua, maana walikuja kiwanja kilipokuwa tayari. Kocha alijua, akaanza kukagua kamba za viatu vyake. Bibi alikuwa ameshafungua kiti chake. Shoto alikuwa amesimama karibu na matofali kuliko mtu yeyote, kofia kichwani, glavu kwapani, anamtazama mama yake.

Mshona mapazia aliwaza lami ya maghalani. Akawaza mto, dirisha la shule, ndoo kwenye kamba ya nguo.

"Tuliyakuta," alisema.

Dereva alitikisa kichwa taratibu, akaendelea kulipapasa tofali. "Nilifikiri labda kuna makosa," alisema. "Kumbe ndivyo alivyonigawia. Mimi nilikuwa sikai nyumbani, kaka ndiye aliyemuuguza. Sawa. Lakini nilidhani mzee ananipenda kidogo zaidi ya hivi."

Aliinuka, akampa mkono kaka yake, akampa na mshona mapazia, akaondoka kupitia ule upenyo wake mwembamba kana kwamba ameshaanza kuuzoea.

Njiani kurudi Shoto alitangulia hatua kadhaa, glavu kwapani. Walipofika mlangoni mama alisema, "Wageni wanakuja, mwanangu. Ningefanyaje?"

"Sijakuuliza, mama," alisema Shoto.

Wageni walikuja na basi zima la wazazi. Kila mtu alisifu kiwanja. Ukuta ulikuwa umefika kifuani, saruji haijakauka vizuri, na watoto waliambiwa wasiuegemee. Mchezo ulikuwa mkali, walikwenda sawa hadi zamu ya mwisho. Mpigaji wa timu ya Shoto aliupiga mpira juu upande wa kulia, ukadondoka chini ya ukuta, nje ya matofali kwa upana wa kiganja. Mshona mapazia aliona kwa macho yake, na wakati huo Shoto alikuwa amesimama hapo hapo, akingoja zamu yake ya kupiga. Yeye ndiye aliyekuwa karibu, na mpira ukihesabiwa ndani timu yake ingeshinda.

Mlinzi wa wageni, mtoto aliyekimbilia kuudaka, alimgeukia kwa heshima, kama alivyoelekezwa sheria. "Wapi, dada?"

"Ndani," alisema Shoto.

Alisema bila kutazama chini, akamtazama mama yake. Wenzake walipiga kelele za ushindi, bibi akasimama juu ya kiti. Mlinzi wa wageni aliutazama mpira, akamtazama Shoto, akauokota akaenda zake. Hakubisha. Sheria ilikuwa hakuna kubisha.

Mshona mapazia alipiga makofi kama wengine. Viganja vyake havikutoa sauti.

Msimu haukufika katikati. Bucha alikuwa anapata ng'ombe wengi kuliko mwanzo, na palihitajika pa kuwaweka kabla ya machinjo. Akaweka geti. Mshona mapazia alikwenda buchani, akasubiri wateja watoke.

"Kaka, tulikubaliana."

"Tulikubaliana nini, dada?" Bucha alikuwa anapanga maini kwenye sinia. "Mimi nilisema mcheze, mmecheza. Kuna mtu aliniambia mmekuja na hati?"

"Unajua nilichokufanyia."

"Kwani ulinifanyia nini?" Aliacha sinia, akashusha sauti. "Ulisema uliyakuta. Au hukuyakuta? Nenda kamwambie basi. Mwambie mdogo wangu kwamba ulimdanganya mbele ya watoto. Unataka nyama au hutaki?"

Alitoka bila nyama. Wazazi walimlaumu, na hawakukosea kumlaumu ila hawakujua kwa nini. "Mama Mapazia, ungemwandikisha," walisema. Bibi alikuja uani kwake kurudisha kofia ya mjukuu. "Mimi na kiti changu tumestaafu," alisema, lakini hata yeye hakucheka.

Dereva ndiye aliyewaita. Alirudi safari akawakuta watoto wanarushiana mpira barabarani, akasimamisha lori, akashuka. Kesho yake alikuja dukani kwa mshona mapazia, akasimama mlangoni kati ya vitambaa kwa kuwa aliona viatu vyake vina vumbi.

"Dada, kile kipande changu hakitoshi nyumba," alisema. "Kwa mazoezi kitafaa, si ndiyo? Waje tu. Ukuta wa kaka utawazuilia mpira."

Mshona mapazia alitaka kusema kweli. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini Shoto alikuwa nyuma ya pazia anapiga pasi, na mvuke ukakatika ghafla kama mtu aliyesimamisha mkono ili asikie.

"Asante, kaka," alisema mshona mapazia. "Mungu akuzidishie."

"Halafu nisaidie jambo moja. Uwawekee mstari, wajue mwisho. Nasikia una mkono ulionyooka."

Jumamosi alikwenda peke yake asubuhi. Alivua viatu, akakitembea kipande kile. Kilikuwa na chupa zilizovunjika, na hakikuchukua muda kukimaliza. Alipomaliza kuokota alivuta uzi, akamwaga chokaa. Kocha alifika na ndoo ya mipira, akatazama.

"Dada, mvua ya kesho tu itaifuta hiyo. Si uchukue matofali? Yapo tele kule."

"Chokaa inatosha."

"Utarudia kila wiki?"

"Nitarudia," alisema, akaendelea kumwaga, ameinama, mgongo ameupa ukuta.